Butare ilisubiri nini?

Usiku wa Aprili 6, 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Alikuwa anatoka Dar es Salaam kwenye mkutano wa viongozi wa kanda yetu, na ndani alikuwamo pia Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Wote wawili walikufa. Kabla hakujapambazuka, vizuizi vilikuwa vimeshawekwa barabarani mjini Kigali na watu walikuwa wanatolewa majumbani mwao wakiwa na orodha ya majina imewatangulia.

Lakini Butare, mkoa wa kusini, mkoa wa chuo kikuu, mkoa uliokuwa na Watutsi wengi, haukuwaka siku hiyo. Ukiacha maeneo ya pembezoni kama Nyakizu, mkoa ule ulikaa karibu wiki mbili bila mauaji makubwa, huku watu wakiukimbilia kutoka mikoa jirani wakijua ndiko kwenye usalama. Kisha ghafla nao ukaingia. Ukaua kwa kasi kubwa, kana kwamba unalipa siku ulizopoteza.

Butare ilisubiri nini?

Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe limeandikwa kwa tarehe na kwa majina, kwa sababu mwanamke mmoja mwanahistoria alikataa kuridhika na neno "machafuko". Aliitwa Alison Des Forges. Kwa maoni yangu hakuna mtu kutoka nje ya Rwanda aliyefanya kazi kubwa kuliko yake katika kuwafikisha wauaji wa mwaka 1994 mbele ya mahakimu, na silaha yake kubwa ilikuwa kalenda.

Tuifuate basi kalenda ya Butare. Mkuu wa mkoa aliitwa Jean-Baptiste Habyalimana, Mtutsi pekee aliyekuwa na cheo hicho nchi nzima. Alikuwa akizunguka mkoani kuwatuliza watu. Aprili 17 ikatangazwa kwamba ameondolewa. Baadaye alikamatwa, akauawa. Aprili 19 Théodore Sindikubwabo, rais wa serikali ya mpito na mwenyeji wa mkoa huohuo, akaja kumsimika mkuu mpya. Katika hotuba yake hakutamka neno "ueni". Aliwakemea wale wanaojiweka kando wakisema mambo haya hayawahusu, akataka watu wafanye kazi, na asiyetaka kufanya kazi awapishe wenzake.

Kazi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo. Wanyarwanda wanasema akazi, sisi tunasema kazi. Katika miezi ile mitatu "kufanya kazi" lilikuwa neno la kuua, na panga, rungu na jembe vilikuwa vifaa vya kazi. Waliomsikiliza Sindikubwabo walimwelewa vizuri sana. Kesho yake, Aprili 20, wanajeshi walimtoa nyumbani kwake Rosalie Gicanda, ajuza, mjane wa Mfalme Mutara Rudahigwa, pamoja na wanawake aliokuwa akiishi nao, wakawapiga risasi. Mji mzima ukapata ujumbe: ikiwa malkia mwenyewe ameuawa, nani tena atasalimika?

Ndiyo maana nimeanzia Butare. Kama mauaji yale yangekuwa hasira za wananchi waliompoteza rais wao, kama tulivyoambiwa na redio nyingi za dunia wakati ule, hasira zisingekaa wiki mbili zikingoja kumwondoa mkuu wa mkoa na kumleta rais kuhutubia. Hasira haina ratiba ya uteuzi. Serikali ndiyo yenye ratiba hiyo. Des Forges aliliona jambo hili, akalishika, akalipeleka mahakamani.

Alizaliwa mwaka 1942 Schenectady, jimbo la New York. Akiwa bado mwanafunzi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikutana na wakimbizi wa Kinyarwanda hapa kwetu Tanganyika, wale waliokuwa wamekimbia mauaji ya kwanza. Hakuwasahau. Mwaka 1972 alipata shahada ya uzamivu Yale kwa utafiti juu ya Rwanda chini ya Mfalme Yuhi Musinga, kuanzia 1896 hadi 1931. Musinga alikuta Wajerumani, akaachwa na Wajerumani, akakuta Wabelgiji, akakataa kubatizwa, na Wabelgiji wakamng'oa na kumweka mwanawe Rudahigwa. Mfalme yule alifia uhamishoni Kongo mwaka 1944.

Rosalie Gicanda alikuwa mke wa huyo Rudahigwa. Kwa hiyo mtu aliyetumia ujana wake kusikiliza wazee wakisimulia siri za boma la Musinga ndiye aliyekuja kuandika, robo karne baadaye, jinsi mkamwana wa Musinga alivyouawa. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Kwa mwandishi wa habari aliyeshuka Kigali mwaka ule, Gicanda alikuwa bibi mmoja kati ya maelfu ya waliokufa. Kwa Des Forges alikuwa mtu wa ukoo aliousoma miaka na miaka, na kifo chake kilikuwa na maana ambayo waliotoa amri ya kumuua waliijua vilevile.

Utafiti wa Musinga ulimpa kitu kingine. Boma lile lilijaa fitina, lakini zilikuwa fitina za watu wenye majina: mama wa mfalme, wajomba, machifu waliogombea ng'ombe na vyeo. Ndani yake hakukuwa na "Wahutu" wa jumla wakipigana na "Watutsi" wa jumla tangu kuumbwa kwa dunia. Mstari mgumu kati ya hao wawili ulichorwa zaidi na utawala wa Wabelgiji, uliotoa vitambulisho miaka ya 1930 na kuandika kabila la kila mtu humo. Kwa hiyo mwaka 1994, wakubwa wa Washington na Paris walipoanza kuongea juu ya chuki za kale za makabila, Des Forges alikuwa na miaka thelathini ya kujua kwamba si kweli.

Baada ya masomo aliishi Buffalo, akalea watoto wawili na kujitolea katika shule za umma za mji ule. Mwishoni mwa miaka ya 1980 akaanza kujitolea Human Rights Watch, shirika la kutetea haki za binadamu. Januari 1993 alikuwa mmoja wa viongozi wa tume ya kimataifa iliyokwenda Rwanda kuchunguza mauaji ya Watutsi yaliyotokea tangu vita vya serikali na waasi vianze Oktoba 1990. Tume ilifukua makaburi ya pamoja. Ripoti yake ikatoka Machi 1993, ikisema watu wapatao 2,000 wameuawa na kwamba mkono wa serikali umo. Ilikuwa imebaki miezi kumi na tatu.

Aliyekuwa akisaidiana naye kwa karibu Kigali ni Monique Mujawamariya, mtetezi wa haki za binadamu ambaye Desemba 1993 alikuwa amepokewa na Rais Bill Clinton Ikulu ya Marekani. Ndege ilipoanguka, Des Forges akiwa Buffalo alikuwa akimpigia simu kila baada ya nusu saa. Monique alimsimulia kinachotokea mtaani: wanajeshi wanapita nyumba hadi nyumba, sasa wako kwa jirani, sasa wako mlangoni. Akamwomba amtunzie watoto wake, akamwambia hataki ayasikie yatakayofuata, akakata simu.

Des Forges aliamini rafiki yake amekufa. Monique alikuwa amejificha darini. Alinusurika, akafika Ulaya, na baada ya siku chache wote wawili walikuwa Washington wakibisha hodi ofisi moja baada ya nyingine. Aprili 19, siku ileile Sindikubwabo alipohutubia Butare, Human Rights Watch ililiandikia Baraza la Usalama ikitaka mauaji yale yaitwe kwa jina lake, mauaji ya kimbari. Aprili 21 Baraza likapiga kura ya kupunguza askari wa Umoja wa Mataifa Rwanda hadi 270. Wiki hiyohiyo mshauri wa usalama wa Rais Clinton, Anthony Lake, aliwashauri wapige kelele zaidi ili serikali isukumwe. Ushauri huo unaniumiza kila ninapousoma. Mtu mwenye uwezo wa kuchukua hatua anamwambia aliyekuja kumwomba msaada kwamba akamtafutie kwanza umati.

Aliomba pia kitu kidogo zaidi: kwamba Marekani izibe mawimbi ya RTLM, redio iliyokuwa ikitaja watu kwa majina na mahali walikojificha. Wizara ya Ulinzi ikajibu mapema Mei kwamba ndege ya kufanya kazi hiyo ingegharimu dola 8,500 kwa saa, na kwamba kuna matatizo ya kisheria. Redio ikaendelea kusema.

Vita vilipokwisha alirudi Rwanda na kikosi kidogo cha watafiti. Kazi iliwachukua zaidi ya miaka minne, na kitabu kilipotoka mwaka 1999 kilikaribia kurasa 800. Ushahidi wa manusura umejaa humo, na ndio moyo wake. Lakini kilichokipa nguvu mahakamani ni karatasi. Wauaji walikimbia na bunduki zao, wakaacha mafaili. Katika ofisi za Butare na za komyuni, yaani wilaya ndogo za mkoa, kama Nyakizu walikuta kumbukumbu za vikao vya kamati za usalama, barua za wakuu wa mikoa, maagizo ya Waziri Mkuu Jean Kambanda ya Aprili 27 kuhusu vizuizi barabarani. Barua zina namba za kumbukumbu, zina mihuri, zina nakala kwa fulani na fulani. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisi ya serikali katika nchi zetu anaujua mtindo huo. Nchi inaua maelfu ya watu kwa siku na bado kuna karani anayepiga chapa barua na kuigonga muhuri.

Barua za namna hiyo hazisemi "tumeua". Zinasema ulinzi, zinasema adui, zinasema usafi, zinasema kazi. Lazima awepo mtu anayejua lugha ya watawala wa nchi ile ili azisome inavyopasa: nani kaandika, lini, kwa nani, na kesho yake kulitokea nini kwenye komyuni iliyopokea barua. Hapo ndipo ujuzi wa kuusoma utawala wa Musinga ulipogeuka kuwa ujuzi wa kumfuata mhalifu.

Kutoka Rwanda mafaili yalifika Arusha. Baraza la Usalama liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda Novemba 8, 1994, na kesi zikasikilizwa katika jengo letu la mikutano la AICC, chini ya Mlima Meru. Wasikilizaji walikaa nyuma ya kioo, vifaa vya kusikilizia masikioni, wakifuata mashahidi kwa Kiingereza, Kifaransa au Kinyarwanda. Kiswahili hakikuwa lugha ya mahakama ile. Wakazi wengi wa Arusha walipita nje ya jengo lile kwa miaka karibu ishirini bila kujua kwa undani nini kinasemwa ndani. Hilo ni pengo ambalo sisi waandishi wa Kiswahili tulipaswa kuliziba, na hatukuliziba vya kutosha.

Des Forges alitoa ushahidi wa kitaalamu katika kesi 11 za mahakama hiyo. Ya mwanzo kabisa ilikuwa ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, na palikuwa na tatizo ambalo halikuwa dogo. Mkataba wa mwaka 1948 wa kuzuia mauaji ya kimbari unalinda makundi ya aina nne: taifa, kabila, rangi na dini. Sasa Wahutu na Watutsi wanasema lugha moja, wanasali makanisa yaleyale, wanaishi kilima kimoja, wanaoana. Wakili akisimama na kuuliza, "Hili kabila mnalosema liko wapi?", unajibu nini? Ukijibu kwamba ni makabila mawili tofauti tangu kale, umerudia uongo wa wakoloni. Ukijibu kwamba tofauti haipo, umeifuta kesi.

Jibu la mwanahistoria lilikuwa historia yenyewe. Aliwaonyesha mahakimu jinsi mstari uliokuwa laini ulivyokazwa: vitambulisho vya Wabelgiji, urithi wa kabila kutoka kwa baba, sera za shule na ajira baada ya uhuru, mpaka mwaka 1994 neno moja kwenye kitambulisho liliweza kuamua nani apite kizuizini na nani abaki hapo. Kundi linaweza kuwa limetengenezwa na watu na bado likawa halisi kwa wale waliomo na kwa wale wanaotaka kulimaliza. Septemba 2, 1998 Akayesu akatiwa hatiani. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza ubakaji kutambuliwa kuwa sehemu ya mauaji hayo. Sisi wenyewe tunaliita kosa hili kwa neno linalotokana na mbari, yaani ukoo, na nadhani neno letu linabeba jambo hili vizuri: mtu anauawa kwa sababu ya tumbo alilotokea.

Kesi iliyonigusa zaidi, hata hivyo, ni ile iliyoitwa kesi ya vyombo vya habari. Mshtakiwa wa kwanza alikuwa Ferdinand Nahimana, na Nahimana alikuwa mwanahistoria. Alifundisha chuo kikuu cha taifa, alisomea udaktari wa falsafa Paris, na utaalamu wake ulikuwa tawala ndogo za Wahutu wa kaskazini ambazo boma la Watutsi lilizimeza kwa kuchelewa. Kitaaluma ni mada halali na nzuri. Kisha akapewa kuongoza idara ya habari ya serikali. Machi 1992 Radio Rwanda ikatangaza mara kadhaa karatasi ya uongo iliyodai kwamba kuna mpango wa kuwaua viongozi wa Kihutu, na huko Bugesera mamia ya Watutsi wakauawa. Akaondolewa kwenye wadhifa huo. Mwaka uliofuata akawa miongoni mwa waanzilishi wa RTLM.

Des Forges alipokaa kizimba cha mashahidi kueleza historia ya redio hiyo, waliokabiliana walikuwa watu wawili waliosoma fani moja, juu ya nchi moja, karibu kwenye maktaba zilezile. Nahimana alijua kila ambacho mwenzake alijua juu ya wafalme wa zamani. Tofauti yao ilikuwa katika matumizi. Mmoja alitumia yaliyopita kama deni ambalo watoto wa leo wanadaiwa. Mwingine aliyatumia kuuliza nani alifanya nini, lini. Desemba 3, 2003 Nahimana alihukumiwa kifungo cha maisha; rufaa mwaka 2007 ikakipunguza kuwa miaka 30, na mwaka 2016 akaachiwa. Sijawahi kuona kesi inayoonyesha waziwazi kuliko hiyo kwamba shahada ya historia peke yake haimwelekezi mtu upande wowote.

Deni hilo la kubuni lilikuwa na safari yake. Wasafiri wa Kiingereza wa karne ya 19 kama John Hanning Speke walidai kwamba watawala wa maziwa haya ni wageni waliotoka Uhabeshi. Wabelgiji na wamisionari wakakifundisha hicho darasani. Novemba 22, 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alisimama Kabaya akasema Watutsi watarudishwa kwao Uhabeshi kwa njia ya mkato, mto Nyabarongo. Nyabarongo unaingia Kagera, Kagera inaporomoka Rusumo mpakani na Tanzania, inaishia Ziwa Victoria. Mwezi Mei 1994 wavuvi wa upande wa Uganda walikuwa wakiopoa maiti ziwani na kuzizika kwa maelfu. Wenzetu wa Ngara waliziona zikipita chini ya daraja la Rusumo, daraja lilelile ambalo Aprili 28 na 29 lilivukwa na watu wapatao 250,000 ndani ya saa 24, wakiwamo wauaji waliochanganyika na watu wasio na hatia katika kambi ya Benaco. Nadharia ya vitabuni ilikuwa imegeuka kuwa mkondo wa mto wenye maiti.

Mugesera alikuwa amekimbilia Kanada. Des Forges alikuwa shahidi dhidi yake huko, na hapo alipigwa pigo ambalo wanaomsifu hupenda kuliruka. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya Kanada ilimkosoa vikali, ikasema amekuwa mwanaharakati kuliko mtaalamu asiyeegemea upande. Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi ule mwaka 2005, Mugesera akarudishwa Rwanda mwaka 2012 na kufungwa maisha. Lakini swali lile halikuwa la kipuuzi, na sitaki kulipita. Mtu anayefukua makaburi mwaka 1993, akasikia simu ya rafiki yake ikikatwa mwaka 1994, anaweza kusimama mahakamani kama mtaalamu baridi?

Jibu langu ni kwamba ubaridi si sifa ya ushahidi. Sifa ya ushahidi ni kukaguliwa. Mawakili wa utetezi Arusha walikuwa na siku nyingi za kumhoji, na walimhoji aya kwa aya. Na mahali ambapo hoja zake hazikutosha, mahakimu walisema hazitoshi. Katika kesi ya Kanali Théoneste Bagosora, iliyoamuliwa Desemba 18, 2008, mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, ila yeye na wenzake watatu wakaachiwa kwa shtaka la kula njama ya mauaji hayo kabla ya Aprili 6. Mwanahistoria anatazama miaka minne ya silaha, orodha, hotuba na majaribio ya mauaji, anaona mpango. Hakimu anauliza kama kila kipande kinaweza kuwa na maelezo mengine. Wanaokana mauaji ya kimbari wameutumia uamuzi ule kudai kwamba hakukuwa na maandalizi, na huko ni kuisoma hukumu vibaya makusudi: kutothibitishwa kwa njama kwa kiwango cha jinai dhidi ya watu wanne hakufuti mafaili ya Butare.

Nimefika sasa kwenye sehemu ya maisha yake iliyomgharimu zaidi, nayo ndiyo inayonifanya nimheshimu zaidi. Katika kitabu kilekile cha mwaka 1999, baada ya kurasa mamia za mauaji ya Watutsi, aliandika sura juu ya raia waliouawa na askari wa RPF, jeshi lililosimamisha mauaji ya kimbari na kutwaa nchi. Alikadiria kwamba waliouawa ni makumi ya maelfu. Hakusema ni sawa na mauaji ya kimbari. Alisema wazi kwamba ni makosa ya aina tofauti, na kwamba yote ni makosa, na kila aliyekufa ana haki ya kutafutiwa aliyemuua.

Kwa miaka kumi aliidai mahakama ya Arusha iwashtaki na wale walioshinda vita. Mahakama ilishtaki watu 93. Wa RPF hakuna hata mmoja. Kesi moja iliyokuwa karibu kuiva, ya maaskofu watatu na makasisi waliouawa Juni 5, 1994 huko Gakurazo karibu na Kabgayi, ilikabidhiwa kwa Rwanda mwaka 2008. Maofisa wawili wa ngazi ya chini walifungwa miaka michache, wakubwa wawili wakaachiwa. Mwaka huohuo Human Rights Watch ilitoa ripoti ndefu juu ya hali ya mahakama nchini Rwanda, na Des Forges akazuiwa kuingia nchi aliyoisomea na kuipenda kwa zaidi ya miaka 40.

Serikali ya Kigali ilikuwa na hoja, nami nimeisikia ikirudiwa na Wanyarwanda ninaowaheshimu: kwamba kuweka makosa ya waliookoa kando ya makosa ya waliochinja kunawapa nguvu wanaokana. Nimeipima hoja hiyo kwa muda mrefu na sikubaliani nayo. Wanaokana walipata nguvu zaidi kwa mahakama kunyamaza. Leo mtetezi wa Bagosora akisema Arusha ilikuwa mahakama ya washindi, unampa jibu gani? Jibu bora lingekuwa ile kesi ya Gakurazo, ingesikilizwa AICC, mbele ya kioo kilekile, kwa mashahidi wa kukaguliwa vilevile.

Februari 12, 2009 alikuwa anarudi nyumbani kutoka Ulaya, ambako alikwenda kuzungumza na wanadiplomasia juu ya Rwanda na Maziwa Makuu. Ndege ya kutoka Newark kwenda Buffalo ilianguka Clarence Center, karibu kabisa na mwisho wa safari. Walikufa watu 50, mmoja wao akiwa ardhini. Alikuwa na umri wa miaka 66. Hukumu ya Bagosora ilikuwa na chini ya miezi miwili tangu isomwe.

Ushahidi wake umehifadhiwa Arusha, kwenye jengo la kumbukumbu la Umoja wa Mataifa huko Lakilaki, nje kidogo ya mji. Mahakama yenyewe ilifungwa Desemba 31, 2015, na Mei 2024 chombo kilichoirithi kikatangaza kwamba kila mtuhumiwa aliyekuwa mafichoni sasa anajulikana alipo au alikozikwa. Faili la mwisho la watoro limefungwa.

Ng'ambo ya mpaka kuna faili jingine. Oktoba 1, 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti juu ya uhalifu uliofanywa Kongo kati ya mwaka 1993 na 2003, sehemu kubwa yake mashariki, kwa wasema Kiswahili wenzetu wa Kivu, Maniema na Ituri, na kwa wakimbizi wa Kihutu waliofuatwa misituni na majeshi ya nchi zaidi ya moja. Imeorodhesha matukio 617, kila moja na kijiji chake, tarehe yake, na jeshi au kundi linalotuhumiwa. Imeandikwa kwa namna ileile aliyoiandika Des Forges Butare. Mpaka leo haijaundiwa mahakama.